Je, Sikio la Mtu Mzima Hufundishika? Mazoezi ya Kidatu na ya Ndoto za Kujitambua



Kila mwanzo wa muhula walimu wa idara yetu huulizwa swali lilelile. Huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya kipindi kumalizika na wenzake muulizaji wameshatoka: "Mwalimu, mimi nina miaka ishirini na miwili. Bado naweza kuzungumza Kiswahili kikasikika vizuri, au nimeshachelewa?" Wengine hawaulizi kabisa. Waliambiwa huko walikotoka kwamba hawana sikio, wakaamini, na sasa wanataka tu kujua ni kozi ipi isiyo na mtihani wa mazungumzo. Swali hili si la nadharia. Jibu tunalolitoa ndilo linaloamua nani atabaki darasani na nani ataomba kubadilishiwa somo kabla ya wiki ya tatu.

Katika makala haya tungependa kulijibu kwa kuzunguka kidogo. Tumechagua stadi mbili ambazo watu wengi huamini kwamba ni za kuzaliwa nazo: kutambua kidatu cha muziki, na kujua, ukiwa umelala fofofo, kwamba unaota. Zimechunguzwa kwa miaka mingi, na zote mbili zina njia ya kuhakikisha kama mtu anaweza kweli au anadai tu. Aidha, matokeo yake yanamhusu mwalimu wa lugha kuliko anavyoweza kudhani.

Sikio la aina mbili

Wanafunzi wa fonolojia watakumbuka kwamba kidatu ni kiwango cha juu au cha chini cha sauti, na kwamba hutegemea kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti. Wanamuziki nao wana vipimo vyao. Noti wanayoiita A, ile inayotumiwa kupatanisha ala, hupimwa kwa mitetemo 440 kwa sekunde. Kipimo hicho kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Ukifika mitetemo 880 umepanda oktava moja, na njiani umepita noti kumi na mbili zilizotenganishwa kwa nusu toni.

Mtu anaweza kuzijua noti hizo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulinganisha: ukimpa "do", anaipata "mi" na "so" bila shida, kwa kuwa anajua umbali uliopo kati yake. Njia ya pili ni kuitambua noti yenyewe bila kulinganisha na chochote. Mwenye uwezo huu akisikia honi ya basi, au glasi ikigongwa kwa kijiko, hukutajia noti yake papo hapo kama wewe unavyotaja rangi ya shati. Tutaita la kwanza sikio la kulinganisha, na la pili sikio kamili. Mozart alikuwa na hili la pili. Mwaka 1763, akiwa na umri wa miaka saba, barua iliyochapishwa katika mji wa Augsburg ilieleza jinsi alivyotaja noti za kengele na saa kwa kuzisikia tu.

Habari za Mozart zimewaumiza watu wengi. Zimewafanya waamini kwamba kusikia vizuri ni kipaji, na asiyekuwa nacho akae pembeni. Lakini hebu tuangalie kwaya zetu za makanisani. Katika karne ya 19 huko Uingereza mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, alibuni mfumo wa kuandika nyimbo kwa herufi za d, r, m, f, s, l, t badala ya noti za mistari. John Curwen akauboresha na kuueneza, wamisionari wakauleta Afrika, na mpaka leo kuna wanakwaya wengi Afrika Mashariki wanaosoma wimbo wa sauti nne kwa herufi hizo huku hawajawahi kugusa piano. Mwalimu wa kwaya anatoa "do" kwa koo lake mwenyewe, na soprano, alto, tena na besi wanapata mahali pao. Wengi wao walijiunga wakiwa watu wazima, mafundi, wauguzi, wauza duka. Walijifunza Jumamosi hadi Jumamosi, baada ya kazi, kwa kukosea mbele ya watu na kusahihishwa hapo hapo. Hakuna anayewaita wenye vipaji. Wanaitwa wanakwaya.

Kwa hiyo kuhusu sikio la kulinganisha hakuna mjadala: hufundishika, na kwa umri wowote. Mjadala ulikuwa juu ya sikio kamili.

Lugha ya mama na noti ya piano

Mwaka 2006 Diana Deutsch na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mwanafunzi wa isimu angependa kuujua. Waliwapima wanafunzi wa muziki wa vyuo viwili: kimoja cha Beijing, ambako wote walikuwa wasemaji wa Kichina cha Mandarin, na kingine cha Rochester katika jimbo la New York, ambako wanafunzi walikuwa wasemaji wa lugha zisizo na toni. Miongoni mwa walioanza muziki wakiwa na miaka minne au mitano, asilimia 60 ya Wachina walikuwa na sikio kamili, dhidi ya asilimia 14 ya Wamarekani. Kwa walioanza wakiwa na miaka minane au tisa, Wachina walikuwa asilimia 42, na upande wa Wamarekani hakupatikana hata mmoja.

Maelezo ya Deutsch ni kwamba mtoto wa Kichina hujifunza kidatu kama sehemu ya neno. Silabi moja ikitamkwa kwa toni nne inakuwa maneno manne. Sikio lake halipati ruhusa ya kupuuza kidatu tangu siku za mwanzo, na baadaye akikutana na piano, noti kwake ni kama toni za lugha nyingine.

Hapa msomaji wetu atasema: basi sisi tumebarikiwa, maana Kiganda kina toni, Kinyarwanda na Kirundi vina toni, Lingala ina toni. Tunashauri asikimbilie kusherehekea. Toni za lugha zetu za Kibantu hazifanani na za Kichina. Kwa kawaida tunashughulika na toni ya juu na ya chini, na ujuu wenyewe ni wa kulinganisha na silabi jirani. Sentensi ikiendelea, sauti nzima huteremka polepole, hata toni ya juu ya mwisho wa sentensi inaweza kuwa chini kuliko toni ya chini ya mwanzo, na bado msikilizaji akaisikia kuwa ni ya juu. Kwa maneno mengine, lugha zetu zinatufundisha sikio la kulinganisha kwa ustadi mkubwa. Hilo ndilo tunalolihitaji katika kujifunza lugha. Sikio kamili halimsaidii mtu kuuliza bei ya nyanya.

Chukua mfano wa Lingala. "Moto" kwa toni za chini zote mbili ni mtu. Ukipandisha silabi ya mwisho ni kichwa. Mwanafunzi wetu aliyekulia Kinshasa hakosei hata akiwa usingizini. Kisha anafika kwetu anaambiwa kwamba "moto" ni kile kinachounguza, na kwamba kidatu hakibadilishi maana yake hata kidogo. Kiswahili kiliachana na toni za kileksika. Kinatumia mkazo, ambao karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pamoja na kiimbo cha sentensi nzima. Jozi zinazotofautishwa na mkazo ni chache kiasi kwamba kila kitabu hurudia ileile: barabara ya kupita magari, ambayo mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu, na barabara yenye maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake uko kwenye silabi ya pili.

Kiimbo, kwa upande mwingine, kina kazi kila dakika. "Wamefika" inaweza kuwa taarifa, swali au mshangao, na herufi hazibadiliki. Mwanafunzi asiyesikia tofauti hiyo hujibu swali ambalo hakuulizwa, au hukaa kimya akisubiri swali ambalo limeshapita. Tumewaona wakipoteza alama kwa hilo katika mtihani wa ana kwa ana, ilhali msamiati wao ulikuwa mzuri.

Je, mtu mzima anaweza?

Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba mlango wa sikio kamili hufungwa utotoni. Ushahidi wa upande huo ni wa kweli. Huko Japani, Ayako Sakakibara alichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwafundisha watoto 24 wenye umri wa miaka miwili hadi sita kutambua mafungu ya noti za piano, kila siku, kwa muda mrefu. Wawili waliacha njiani. Waliobaki 22 walilipata sikio kamili, wote. Hakuna kundi la watu wazima lililowahi kufikia hapo.

Hata hivyo, mlango haukufungwa kwa kufuli. Mwaka 2019 Stephen Van Hedger na wenzake, waliofanyia kazi Chicago, walieleza mafunzo ya wiki nane kwa watu wazima sita. Wawili kati yao walifikia kiwango ambacho hakikuweza kutofautishwa na cha watu waliokuwa na uwezo huo tangu utotoni. Mwaka uliofuata Yetta Wong na wenzake wa Hong Kong walitoa matokeo ya watu wazima 43 waliofanya mazoezi kwa saa 12 hadi 40. Asilimia 14 kati yao waliweza kutaja noti zote kumi na mbili kwa usahihi wa asilimia 90 au zaidi, na wengine waliishia katikati, noti tatu, tano, saba.

Tunaomba walimu watulie hapo kwenye katikati. Magazeti hupenda kuandika juu ya wale asilimia 14. Lakini mtu aliyeanza na noti sifuri akaishia na tano amejifunza, na kama angepimwa kwa mtihani wa kufaulu au kufeli angehesabiwa kuwa amefeli. Ndivyo tunavyowahesabu wanafunzi wetu wa matamshi. Tunauliza kama anasikika kama mtu wa Unguja, jibu ni hapana, tunafunga daftari.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni kwamba kila mtu ana mbegu ya kumbukumbu ya kidatu. Mwaka 1994 Daniel Levitin aliwaomba watu 46 waimbe vipande vya nyimbo mbili walizozijua kutoka kwenye rekodi, bila kusikilizishwa chochote kwanza. Asilimia 40 waliupatia kidatu cha rekodi halisi angalau wimbo mmoja, na asilimia 44 hawakukosea zaidi ya nusu toni mbili katika nyimbo zote mbili. Hawa hawakuchaguliwa kwa uwezo wao wa muziki. Msomaji anaweza kujijaribu kwa muziki unaofungua taarifa ya habari ya redio anayoisikiliza: auimbe kwa mdomo uliofungwa dakika chache kabla ya saa ya habari, kisha afungue redio.

L na R

Kutoka kidatu hadi konsonanti si mbali, nasi hatuwezi kuandika juu ya sikio katika eneo hili bila kugusa l na r. Katika Kiganda sauti hizi mbili hazipingani. Maandishi yenyewe yanafuata kanuni: r baada ya e au i, l kwingineko. Mtoto hujifunza kuzihesabu kuwa sauti moja yenye sura mbili, na sikio linalofanya hivyo linafanya kazi yake vizuri. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wana hali inayokaribiana na hiyo. Kisha inakuja siku ya kutofautisha kula na kura, mahali na mahari, na darasa zima linacheka. Mwanafunzi anaambiwa ulimi wake mzito. Ulimi hauna kosa. R na l zote anazitamka kila siku. Ni sikio lililofunzwa kutokuzijali.

Wajapani wana tatizo hilihili wanapojifunza Kiingereza, na kwa bahati limechunguzwa sana. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni waliwafundisha Wajapani sita kwa vipindi 15 vya dakika 40 katika muda wa wiki tatu. Kazi ilikuwa nyepesi: sikia neno, chagua moja kati ya mawili, uambiwe papo hapo kama umepatia. Siri ilikuwa kwenye sauti. Maneno hayakutamkwa na mwalimu mmoja bali na wasemaji mbalimbali, na r na l ziliwekwa mwanzo wa neno, katikati na mwisho. Wote waliendelea mbele. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba wanaofunzwa kusikia tu huboreka pia katika kutamka, bila kufundishwa mahali pa kuweka ulimi. Vivyo hivyo mwaka 1999 Yue Wang na wenzake waliwafundisha Wamarekani toni za Kichina kwa vipindi vinane katika wiki mbili. Usahihi wao ulipanda kwa asilimia 21, na miezi sita baadaye faida hiyo ilikuwa bado ipo.

Somo la vitendo ni hili. Sauti ya mwalimu mmoja haitoshi, hata awe mzaliwa wa Lamu. Mwanafunzi anayemsikia mwalimu mmoja muhula mzima anajifunza sauti ya mwalimu huyo. Tunapendekeza kila mwalimu akusanye kwenye simu yake jozi thelathini hivi za kula na kura, zikitamkwa na watu sita au saba: mzee, msichana, mtu wa Mombasa, mtu wa Bukoba, mtu wa Goma. Dakika kumi kila kipindi zinatosha kabisa. Mwanafunzi aonyeshe kidole kimoja au viwili, kisha aambiwe jibu mara moja. Akisubiri hadi wiki ijayo kurudishiwa karatasi, faida imepotea. Kwa kiimbo tumeona kwamba inasaidia kuondoa maneno. Mwalimu anatamka "Wamefika?", darasa linairudia kwa mdomo uliofungwa, mm-mm-mm-mm, kama wanakwaya wanaotafuta sauti. Maneno yakiondoka, sikio halina pa kujificha.

Na ndoto je?

Stadi ya pili tutaieleza kwa ufupi zaidi, ingawa ndiyo ambayo wanafunzi huipenda. Ndoto ya kujitambua ni ndoto ambayo mwotaji anajua, ndotoni humohumo, kwamba anaota. Aristotle aliitaja zamani sana. Mholanzi Frederik van Eeden aliipa jina linalotumika hadi leo mwaka 1913. Lakini wanasayansi wengi hawakuisadiki, na walikuwa na hoja: aliyelala atatoaje ushahidi? Labda aliamka kidogo bila kujua, au alibuni habari yote asubuhi.

Ufumbuzi ulitokana na jambo lililogunduliwa mwaka 1953, kwamba sehemu ya usingizi wenye ndoto nyingi huambatana na macho kuchezacheza chini ya kope. Mwili umelegea, lakini macho hayakulegea. Tarehe 12 Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Keith Hearne alimpima mtu aliyeitwa Alan Worsley, waliyekubaliana naye kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia mara kadhaa kwa mpangilio. Mashine ikayaandika macho hayo, huku vipimo vingine vikionyesha kwamba mtu amelala. Stephen LaBerge wa Stanford alifanya jambo hilohilo bila kujua habari za Hull, na alilichapisha mwaka 1981.

LaBerge anatuhusu zaidi kwa sababu ya mazoezi. Alijichunguza mwenyewe kwa takriban miaka mitatu na kuandika ndoto 389 za kujitambua. Mwanzoni zilimjia kwa nadra. Alipobuni njia yake, alipata zaidi ya ishirini kwa mwezi. Njia yenyewe, kwa ufupi, ni hii: ukiamka alfajiri kutoka kwenye ndoto, ikumbuke yote, kisha, unaporudi kulala, jiambie kwa dhati kwamba mara nyingine utakapoota utakumbuka kwamba unaota, halafu jione katika ile ndoto ya awali ukiigundua kuwa ni ndoto. Rudia hadi usingizi ukuchukue. Ni kumbukumbu ya nia, ileile inayomfanya mtu akumbuke kununua chumvi anapopita dukani.

Haiwezi kila mtu, wala si kila usiku. Mwaka 2017 Denholm Aspy wa Australia aliwajaribu watu 169. Waliounganisha njia hii na kuamka baada ya saa tano za usingizi, pamoja na kujiuliza mara kwa mara mchana "je, hivi sasa naota?", walifaulu katika asilimia 17 ya usiku waliojaribu. Waliofanikiwa kusinzia ndani ya dakika tano baada ya kumaliza zoezi walifikia asilimia 46. Mwaka 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilikwenda mbali zaidi: waliwauliza waliolala maswali, kwa mfano nane kutoa sita, nao wakajibu kwa macho. Majibu sahihi yalikuwa asilimia 18 tu ya majaribio, na mara nyingi hapakuwa na jibu lolote. Lakini mtu aliyelala alisikia swali, akakokotoa na akajibu.

Wanafunzi hutuuliza kama wanaweza kujifunza Kiswahili usingizini. Msamiati mpya, hapana. Ndoto haikupi neno ambalo hukulijua. Kuhusu kuzoesha kile unachokijua tayari, kuna jambo la kutia moyo. Tadas Stumbrys na wenzake walieleza mwaka 2016 juu ya watu waliozoeza vidole vyao kugonga mfululizo fulani ndani ya ndoto ya kujitambua. Asubuhi walikuwa wameboreka kwa takriban asilimia 20, sawa na waliofanya zoezi hilo wakiwa macho. Mwenye kuzungumza hadharani ndotoni bila hofu huenda akaamka na ujasiri zaidi, ila asiache kuja darasani.

Tahadhari ni lazima. Kujiamsha usiku kunakula usingizi, na usingizi wenyewe ndio unaotunza yale uliyosoma mchana. Asijaribu mtu wiki ya mitihani. Mwenye historia ya maradhi ya akili yanayochanganya yaliyomo na yasiyokuwemo aachane nalo kabisa. Na wale ambao kwao ndoto ni ujumbe wa wahenga au wa Mungu wana haki ya kuziacha kama zinavyokuja.

Daftari la kitandani

Hata hivyo kuna sehemu moja ya mazoezi haya ambayo haina hatari, nayo imetufaa sana katika kozi ya utungaji. Kila mwalimu wa ndoto za kujitambua huanza na jambo moja: weka daftari na kalamu karibu na mto, na uandike ndoto mara tu ukifumbua macho, kabla ya kushika simu, kabla hata ya kukaa. Asiyekumbuka ndoto zake hawezi kujitambua ndani yake. Siku za kwanza utaandika mstari mmoja. Baada ya wiki mbili wengi huandika ukurasa.

Sisi tumeomba ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili. Ndoto inadai masimulizi, na masimulizi yanadai viambishi ambavyo wanafunzi wetu huvikwepa. "Nilikuwa nikitembea sokoni, nikamwona shangazi, akanipa yai, likageuka jiwe." Hapo kuna -li-, -ki- na -ka-, tena -ka- mara tatu, bila mwalimu kuchora jedwali. Kwa kuwa mambo ya ndotoni hayana mpangilio wa kawaida, mwanafunzi hawezi kunakili insha ya mwaka jana. Wengine walianza kutafuta maneno ambayo hakuna kitabu cha kiada kingewafundisha: kuelea, kudidimia, kupapasa, kuweweseka.

Tunawashauri walimu watakaojaribu wazingatie mambo mawili. Mwanafunzi asilazimishwe kusoma ndoto yake mbele ya wenzake. Achague mwenyewe ukurasa wa kukabidhi, na mingine ibaki yake. Na masahihisho yawe ya -ka- na upatanisho wa kisarufi tu. Mwalimu asitafsiri ndoto, hata akiombwa.